Kuunganisha matini katika lugha ya C

Swali: Nimetangaza char salamu[7] = "Habari"; kisha nikaita strcat(salamu, " za leo"). Programu inakompailiwa bila kosa, lakini inakatika inapoendeshwa. Tatizo ni nini?

Jibu la 1: Safu yako ina baiti 7, yaani 6 za herufi na 1 ya sifuri inayofunga matini, ilhali matokeo yanahitaji 14. Fanksheni strcat haiongezi nafasi: huitafuta sifuri hiyo na kuandika kuanzia hapo, hata ikivuka mpaka na kuharibu kumbukumbu isiyo yake. Tangaza safu kubwa zaidi.

Jibu la 2: Urefu usipojulikana mapema, omba kumbukumbu kwa malloc(strlen(a) + strlen(b) + 1), ambapo a na b ni matini mawili ya kuunganishwa na strlen hutoa urefu wa kila moja, uhakikishe haikurudisha NULL (ishara kwamba kumbukumbu haikupatikana), na baadaye uiachilie kumbukumbu hiyo kwa free. Hiyo 1 ya mwisho, ya sifuri inayofunga matini, tafadhali, usiisahau kamwe.

Jibu la 3: Mimi napendelea snprintf(s, sizeof s, "%s%s", a, b), inayoandika a na b ndani ya safu s yenye ukubwa wa baiti sizeof s, kwa kuwa haivuki mpaka, na thamani inayorudishwa ikilingana na ukubwa wa safu au kuuzidi, utajua kuwa matini yamekatwa. Zingatia kwamba s iwe safu halisi, kwa sababu sizeof ya kielekezi (kigezo kinachohifadhi anwani ya kumbukumbu tu) hutoa ukubwa wa kielekezi chenyewe.