Mrejesho: transkondaktansi ya FET, nimeipima

Ndugu zangu wa Lamu na kwingineko, ahsanteni. Niliuliza kwa nini kikuza sauti cha udi wa mjomba kilififia baada ya kubadilisha transista ya FET (ile ambayo volti kwenye mguu wa geti hudhibiti mkondo unaopita mguu wa dreni), ilhali namba ya aina yake ni ileile. Mlinambia nipime transkondaktansi: mkondo wa dreni hubadilika kiasi gani volti ya geti ikibadilika. Jana usiku nimepima. Nilipobadilisha geti kwa volti 0.1, niliyoiweka ilisogeza mkondo miliampia 0.2 tu, yaani transkondaktansi ya milisimensi 2. Nyingine ya kopo hilohilo ilisogeza 0.4. Kwa rezista ya dreni ya kiloomu 2.2, ukuzaji ni kama mara 4.4 dhidi ya 8.8. Namba moja, nguvu mbalimbali! Nimechomea ya pili. Mjomba alipogusa uzi wa kwanza, majirani wakatoka barazani.