Tunahamishia mifumo ya kampuni kwenye wingu: AWS, Azure au tukodi seva tu?

Kibatari:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa haraka. Kampuni yetu imeamua kuhamishia mifumo yote kwenye wingu, yaani kwenye mashine za kampuni nyingine tunazozifikia kwa mtandao, kabla mwaka haujaisha, na bosi anataka mapendekezo mezani kwake Ijumaa. Nimebaki na vitatu: AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft, au kukodi seva ya kawaida ya kulipia kwa mwezi. Ipi bora? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Waya:
Bora kwa kazi gani? Umeuliza kama mtu anayetaka kujua gari zuri ni lipi bila kusema atabeba mchanga au bibi harusi. Mna seva ngapi? Zinaendesha nini? Data kiasi gani? Laini yenu inapandisha kwa kasi gani? Na ikizima saa nane usiku, nani anaamka?

Tumbili Mweusi:
Nafuatilia uzi.

Kumbikumbi:
AWS mkuu, usiumize kichwa. S3, stoo yao ya mafaili, ipo tangu 2006, wengine wote wamekuja nyuma yake. Ukikwama, tafuta lile kosa mtandaoni, utakuta kuna aliyekwama kabla yako na akajibiwa. Hilo tu linatosha kuamua.

Kibatari:
Samahani Mzee, niliandika haraka. Seva ni mbili, zote Windows Server 2012 R2. Moja ina mafaili ya pamoja, nyingine ina programu ya uhasibu na stoo pamoja na databesi yake ya SQL Server, ya Microsoft pia. Watumiaji 60 hivi. Data kama tera 6, nyingi ni skani za hati. Laini inashusha megabiti 100 kwa sekunde, inapandisha 20. Fundi ni mimi.

Dirisha Wazi:
Windows 2012 R2? Basi mjadala umeisha, ni Azure. Microsoft waliacha kuitolea masahihisho ya usalama 10 Oktoba 2023. Ukitaka kuendelea kuyapata nje ya Azure unayalipia. Ukiiendesha ndani ya Azure unapewa bila nyongeza mpaka Oktoba 2026. Na leseni zenu za Windows na SQL, kama zina mkataba unaoruhusu, mnaweza kwenda nazo.

Kumbikumbi:
Yaani unamshauri abebe mgonjwa na kitanda chake amhamishie nyumba mpya. Hatapona kwa sababu ya nyumba. Ajenge upya kwenye Linux badala ya Windows, na databesi ya PostgreSQL, zote za bure.

Dirisha Wazi:
Programu ya uhasibu ameinunua, haikuandikwa na yeye. Ataijengaje upya? Soma swali kwanza.

Kumbikumbi:
Nimesoma. Kuna programu za uhasibu za kulipia kwa mwezi zinazofunguka kwenye kivinjari, habari ya seva inakufa hapohapo.

Mzee wa Waya:
Mnagombania rangi ya mlango na nyumba haijapimwa. Tera 6 kwa megabiti 20 za kupandisha, mkitumia laini yote bila mtu mwingine kufungua hata barua pepe, ni kama siku 28 usiku na mchana. Kibatari, hujasema hilo kwa bosi, au nimekosea? Njia ni kuanza kunakili wiki nyingi kabla, usiku tu, halafu usiku wa kuhama unapeleka kilichobadilika peke yake. Na kwenye DNS, lile daftari linaloziambia kompyuta jina la seva lina anwani gani, shusha TTL, yaani muda wa kuikumbuka anwani hiyo, kutoka sekunde 86,400 hadi 300 siku mbili kabla, la sivyo nusu ya watu wataendelea kugonga mlango wa zamani siku nzima.

Kibatari:
Siku 28!! Mimi nilimwambia wikiendi moja.

Seva Yangu:
Mie nauliza, kwa nini mhame kabisa? Kampuni ya 37signals, wenye Basecamp, programu ya kusimamia miradi, walitangaza 2022 kuwa wanatoka kwenye wingu wanarudi kwenye mashine zao, na sababu kubwa ilikuwa bili. Seva mbili na watu 60, nunueni seva moja mpya nzuri, basi.

Mzee wa Waya:
Wale wana mafundi wanaokula na kulala na seva. Huyu ni mmoja, na akiugua malaria kampuni nzima inaugua. Ila sikatai, hesabu ya bili ifanywe. Seva ya majaribio inayowaka saa zote 168 za wiki wakati kazi ni saa 50 ndiyo inayowaua wengi.

Bi Leja:
Naomba niongee kama mtumiaji. Mimi ni mhasibu, nilitumbukizwa kwenye mradi kama huu kwa kosa la kulijua nenosiri la seva. Mshauri tuliyemlipa, jina lake nalihifadhi, akasema twende nusunusu: databesi itangulie kwenye wingu, programu ibaki kwenye kompyuta zetu mpaka tuzoee. Ijumaa jioni wakahamisha. Jumamosi yeye mwenyewe akajaribu, akafungua ankara moja, ikafunguka, akasaini.

Jumatatu ilikuwa tarehe mosi, tunafunga mwezi. Nikabonyeza ripoti ya wadaiwa, ile ambayo siku zote inatoka kabla sijanyanyua kikombe. Kigurudumu kikazunguka. Nikaenda kuchukua karatasi kwenye printa, narudi, bado kinazunguka. Dakika mbili. Na si mimi tu, tulikuwa watu kumi na wawili tunatazama vigurudumu. Tukalaumu laini, tukalipia kasi mara mbili, hata sekunde moja haikupungua.

Kumbe programu ile haiiulizi databesi swali moja kubwa. Inauliza mteja mmojammoja, ankara mojamoja. Ripoti ile peke yake ilikuwa na maswali 2,000. Seva ikiwa chumba cha pili, kila swali lilikula milisekunde moja. Kwenda wingu na kurudi ilikuwa 60. Zidisheni wenyewe. Kuongeza kasi kulipanua barabara tu, mwendo ulibaki uleule.

Siku ya tatu wakasema basi, programu nayo ihamie huko, watu waiingie kwa mbali. Ikagoma kuwaka. Inadai leseni, na leseni ilikuwa kwenye kidude cha USB kilichochomekwa nyuma ya seva ya zamani. Seva ya kwenye wingu unakichomeka wapi? Waliotuuzia programu walichukua wiki tatu kutupa leseni ya aina nyingine. Mwezi ule niliufunga kwa daftari. Kwa hiyo mimi siwaambii AWS wala Azure. Nasema programu na databesi yake visitenganishwe, na anayejaribu awe mtu wa kufunga mwezi.

Dirisha Wazi:
Pole sana dada. Huyo mshauri alipaswa kulijua hilo hata kabla ya kufungua kompyuta.

Mwana Kamusi:
Nje ya mada kidogo. Nani alituletea hili neno "wingu"? Tungesema seva ya kupanga, kila mtu angeuliza maswali ya mpangaji: kodi ikipanda je, na siku ya kuondoka vyombo navitoaje?

Kumbikumbi:
Swali la vyombo lina majibu. Kuingiza data ni bure, kuitoa unalipia kwa giga. Ila tangu 2024 Google, AWS na Microsoft wote wamesema mteja anayehama moja kwa moja anaweza kuomba asamehewe hiyo gharama ya kutoa.

Mwana Kamusi:
Mpaka ahame moja kwa moja. Mpangaji wa kweli.

Kibatari:
Swali jingine wakuu. Tukishahamia, bakapu, yaani nakala za akiba za data, si inakuwa kazi yao?

Mzee wa Waya:
Hapana, hapana, hapana. Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg kiliteketea kwa moto, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu zao zilikuwa palepale. Wao wanatunza mashine, data ni yako. Nakala moja iwe mbali, kwa akaunti nyingine, yenye nenosiri jingine. Na siku moja moja uirudishe uone kama inafunguka.

Seva Yangu:
Sasa kama bakapu bado ni kazi yake, anahamia kufanya nini?

Dirisha Wazi:
Umeme, diski, feni, wezi. Endelea wewe.

Bi Leja:
Kibatari mwanangu, hujanijibu. Hiyo programu yenu ya uhasibu inatumia leseni gani?

Kibatari:
Sijui mama, niliikuta. Ngoja nishuke chumba cha seva.

Kibatari:
Nimerudi. Kuna kidude chekundu nyuma ya ile ya pili, kimezungushiwa selotepu na juu kimeandikwa kwa kalamu USITOE. Waliotuuzia nimewapigia mara tatu, simu haipokelewi.

Kumbikumbi:
Usikiguse.

Mzee wa Waya:
Ijumaa mpelekee bosi orodha ya maswali, mapendekezo yatafuata. Mafaili na skani yanaweza kutangulia hata kesho, hayo hayana kidude.

Dirisha Wazi:
Yatangulie Azure.

Kumbikumbi:
S3.

Tumbili Mweusi:
Mkuu Kibatari, hizo seva za zamani mkishahama mnaziuza? Nina mteja.