Tungo hutoka wapi, na mtu azikaribishe vipi?

Mwana wa Wete
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninatunga mashairi tangu nilipokuwa darasa la saba, na kwa miaka mingi sikuwahi kujiuliza tungo zinatoka wapi, kwa sababu zilikuwa zikija zenyewe, hasa nyakati za jioni tulipokuwa tukikaa barazani kuchambua karafuu huku wazee wakisimuliana habari za mchana. Mwaka juzi nilihamia Dar es Salaam kikazi. Sasa nina meza, taa nzuri na saa mbili za utulivu kila siku baada ya sala ya isha, mambo ambayo nyumbani sikuwa nayo, lakini tangu nihamie sijakamilisha hata shairi moja la beti tano. Ninaandika mshororo wa kwanza, ninaufuta, ninalala. Je, wazo humjia mtu au mtu hulifuata? Na afanye nini ili likimpitia asiwe amelala?

Mtunzi wa Tanga
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Jibu lako umeliandika mwenyewe pale ulipotaja karafuu. Anayechambua karafuu mikono yake ina kazi, macho yana kazi, lakini masikio yako huru na wala hayatafuti kitu. Mezani kwako umeviita viungo vyote vikusubirie shairi, nalo likaona haya kuingia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakutunga kwa kujitenga na watu. Alitunga kuhusu uhasama wa Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, na Sayyid Said wa Oman, na kuhusu mapenzi na shida za nyumbani, na watu wa mji wakazishika tungo zake vichwani hadi Mwalimu Sikujua na William Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Tungo ilitoka midomoni mwa watu ikarudi midomoni mwa watu. Mimi hutunga nikitembea kwenda kazini, na karatasi huiona jioni tu.

Bibi wa Kisauni
Mwanangu, aliyotangulia kusema ndugu yetu ni kweli, ila mimi siamini kwamba masikio peke yake yanatosha. Wengi husikia maneno yale yale sokoni na hawatungi. Mtunzi hulinasa neno kwa sababu mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo, imekwisha kumkaa mwilini, na mara nyingi ni kina kinachomletea wazo, wala si wazo linalotafuta kina.

Nitakupa mfano wangu. Nilikuwa nikitunga shairi la harusi lenye vina vya mwisho vya «ngo». Nilikuwa na «lango» na «mpango», neno la tatu likanipiga chenga siku nne nzima. Siku ya tano, nikiwa naosha mchele, likanijia «chango», neno nililolisikia mara ya mwisho kwa nyanya yangu. Alikuwa na chango cha mti ukutani, juu ya kitanda, ametundika kanga moja ambayo hakuivaa tena tangu babu alipofariki, na kila Ijumaa aliiteremsha, akaikung'uta, akaikunja upya na kuirudisha. Shairi la harusi nililiacha hapo hapo. La kanga ile lilitoka beti tisa kwa usiku mmoja, nami sikuwa nimeikumbuka kanga hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo usiufute mshororo wa kwanza, mwanangu. Uache ukae nawe, hata kama ni mbovu, maana huenda kina chake ndicho kitakachokwenda kukuitia mwenzake.

Fundi Rangi
Mimi ni mchoraji, si mshairi, lakini nadhani ndugu yetu anaisubiri Pemba ya kwao imfuate Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, akauza picha zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Hakungoja vifaa vya wasanii waliosomea, na ule mng'aro wa rangi ya baiskeli ndio uliokuja kuwa sura ya mtindo mzima unaoitwa kwa jina lake. Alianza na kilichokuwa karibu. Wewe je, karibu yako kuna nini?

Mwana wa Wete
Shikamoo bibi, na ahsanteni nyote. Juzi niliiacha meza nikaenda Kivukoni, nikapanda pantoni kwenda Kigamboni bila shughuli yoyote. Mfanyakazi mmoja alikuwa akiwaongoza abiria, akapaza sauti: «Mwenye mzigo begani asogee mbele!» Nilihesabu kwa vidole, kama nilivyozoea utotoni: mwenye mzigo begani, mizani minane kamili. Hata kabla ya pantoni kung'oa nanga, nilikwisha kuumaliza mshororo:

*Mwenye mzigo begani, asogee tuabiri*

Nilipofika ng'ambo nilikuwa na mishororo mitatu, na sikushuka, nikarudi nayo. Wa nne bado ninautafuta, na safari hii sijafuta kitu.