Kanzu na koti usiku wa gala melini, ni vazi rasmi au siyo?

Baba Shamsa (Minneapolis)
Wadau salaam. Mwezi wa kwanza inshallah napanda meli na familia San Juan, Puerto Rico, siku saba, tunapita Saint Maarten, Saint Lucia na Barbados. Kama mnavyojua safari ya siku saba huwa na jioni mbili za mavazi rasmi kwenye ukumbi mkubwa wa chakula. Sasa mwaka juzi, meli nyingine na kampuni nyingine, nilishuka usiku wa gala na kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia ya viua aliyonishonea marehemu mama yangu. Miezi minne alikaa nayo barazani, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono wake, macho yenyewe yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Kijana wa mlangoni akaniangalia juu mpaka chini akasema kwa upole kabisa, mzee, usiku wa mavazi ya maigizo ni kesho. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyoamini. Foleni nyuma yangu, mke wangu pale, Shamsa kanishika mkono. Nikarudi kabini nikavaa suruali na tai ya shemeji. Mpaka leo inaniuma kwamba nilirudi.

Swali langu: meli zina haki ya kusema rasmi ni suti na tuksido basi? Na sisi tukienda tuvae ya kwetu au ya kwao? Mimi nasema ya kwetu, na safari hii sirudi kabini.

Mtoto wa Temeke
Kaka pole, ila chombo cha watu kina sheria za watu. Tiketi umenunua mwenyewe hakuna aliyekulazimisha. Ukialikwa Ikulu utavaa unavyojisikia? Nunua suti moja nyeusi, itakufaa na kwenye harusi, yaishe. Tena mimi naona hizi habari za utamaduni watu wanazitumia vibaya, kesho utamkuta mama kashuka na kanga kiunoni kwenye ukumbi wa watu anasema vazi letu. Kanga ni nguo ya jikoni na kulalia, tusidanganyane.

Nasra wa Shangani
Nguo ya JIKONI? Mtoto wa Temeke hebu kaa kitako nikwambie. Ulipozaliwa ulipokelewa na nini, kwa suti? Bibi harusi huku kwetu anavaa kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe, hiyo ni nguo ya kulalia? Maiti wa kike anafunikwa na nini akitolewa ndani? Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, watu wanakaa kikao kizima kuchagua jina la sare ya harusi, halafu wewe na suti yako ya mtumba ya Karume unakuja kutwambia jikoni.

Mtoto wa Temeke
Dada Nasra mimi sijakutukana, na suti yangu siyo ya mtumba. Nimesema kwenye ukumbi wa meli. Harusini sawa, msibani sawa, kila nguo na mahali pake, hata wewe huendi benki na kanga mbili.

Nasra wa Shangani
Mama yangu ameenda benki na kanga mbili juu ya gauni lake miaka thelathini na mameneja wamemsimamia.

Stuwadi Mstaafu (Kilifi)
Naomba niingie, nimebeba trei melini miaka sita, mikataba ya miezi minane minane, hizi jioni rasmi nimezisimamia mpaka nimechoka. Meli hazifanani jamani. Kampuni ya Cunard, wale wenye meli ya Queen Mary 2, ndio wanajulikana kwa ukali, ikishafika saa 12 jioni kaptula haina nafasi sehemu nyingi za meli, na usiku wa gala wanataka tuksido au suti nyeusi, LAKINI hao hao kanuni yao inakubali vazi rasmi la taifa lako. Waskochi wanashuka na kilti magoti nje na hakuna anayewagusa. Carnival wao wamelegeza, kwa siku saba wana jioni mbili za kupendeza ila suruali ya kitambaa na shati la kola unapita. Norwegian tangu mwaka 2000 walitangaza mtindo wao wa kula unavyotaka, usiku rasmi wa lazima hawana. Kwa hiyo Baba Shamsa usiseme "meli", soma ya kwako imeandika nini. Na usipotaka kuvaa hulali njaa, bufee ya juu iko wazi.

Lingine, watu wanafikiri tropiki ni joto basi wanashuka na nguo nyepesi. Nje joto ndiyo, ndani ule ukumbi AC yake ni kama friji ya bucha. Akina mama shukeni na mtandio mzito au shali. Na mchuchumio mrefu uacheni nyumbani, meli ikianza kuyumba ngazini nimewaokota wengi.

Mzanzibari wa Maskati
Ahsante sana ami kwa maelezo. Hapa Oman wafanyakazi wa serikali ofisini ni dishidasha, yaani kanzu ya Kiomani, na kilemba, ndiyo heshima yenyewe, Muomani akienda kazini na suti atashangaza watu. Kwa hiyo rasmi ni nini inategemea umesimama wapi. Mganda ana kanzu yake na mkewe ana gauni lake la gomesi, hata mtu asiyejua Kiganda anajua hawa wamevaa. Shida ipo kwa ndugu zetu Wakenya, mkiambiwa vazi la taifa mtavaa nini? Hamna.

Njoro wa Toronto
Hamna??? Wewe uko huko Maskati unavaa ya Waomani unatuambia sisi hatuna. Kenya ina makabila zaidi ya arubaini, unataka Mturkana avae kama Mgiriama ndio ufurahi? Mimi navaa Kaunda suti, nimevaa kwa harusi mbili na graduesheni ya mtoto na hakuna mtu ameniuliza.

Mtoto wa Temeke
Kaunda ni Mzambia lakini. Si ndiyo maana hata Bunge lenu wenyewe liliipiga marufuku? Mwaka wenyewe sikumbuki.

Njoro wa Toronto
Ni Novemba 2023, Spika Wetang'ula, na aliikataza pamoja na nguo za kiasili ndani ya ukumbi wa Bunge. Ilhali Rais Ruto mwenyewe alikuwa anavaa hizo Kaunda kila siku kwa televisheni! Hiyo ndiyo inaniuma. Mnamlaumu kijana wa mlangoni wa meli na spika wetu alifanya vile vile nyumbani. Mwafrika akivaa ya kwake anaambiwa hajavaa, na anayemwambia ni Mwafrika. Yule kijana wa mlangoni alikuwa Mzungu ama?

Baba Shamsa (Minneapolis)
Hapana. Hilo sikutaka kulisema ila umeuliza. Alikuwa kijana wa Kiafrika.

Bi Mwana wa Lamu
Baba Shamsa moyo umenishuka kusoma hapo. Kuhusu hilo la taifa, mwaka 2004 walifanya shindano la kubuni vazi la Kenya, likapatikana, waliolivaa ni wachache na wenyewe hawajaendelea nalo. Kanzu haikungoja shindano. Kanzu na kofia vilikuwepo hapa kabla Kenya haijaitwa Kenya, kwa hiyo mtu asikuulize cheti cha vazi la taifa, mwambie hili ni vazi la watu wangu na ndilo tunaloozea. Mwanamume akipita Maulidi hapa na kanzu, koti na bakora yake nani atasema hajavaa rasmi?

Mzanzibari wa Maskati
Ila hanjari, lile jambia la kiunoni, usiipeleke, skana ya bandarini haitajali kuwa ni rasmi.

Mama Mapacha
Samahani nauliza kidogo tu na sisi tunaenda huko huko mwezi wa nne. Wanangu miaka tisa nimewanunulia kaptula za madoadoa ya jeshi, nzuri sana, za kushukia nchi kavu na jioni za kawaida pale kwenye bufee. Rafiki yangu ananiambia nitakamatwa Barbados, ni kweli au ananitania?

Stuwadi Mstaafu (Kilifi)
Dada toa hizo kaptula kwenye begi leo leo. Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago, Saint Lucia, huko raia haruhusiwi kuvaa madoa ya jeshi kisheria, na mtoto pia ni raia. Meli inatangaza kabla ya kutia nanga ila watu wako kwenye kifungua kinywa hawasikii. Nimeona wageni wanarudishwa getini kwenda kubadilisha.

Mtoto wa Temeke
Na hapa kwetu si ni hivyo hivyo, jeshi letu la JWTZ Agosti 2023 walitoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana. Jirani yangu alikuwa na begi tu la madoa akalichoma nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mnaona, sheria ya mavazi siyo ubaguzi, kila nchi inayo.

Njoro wa Toronto
Bana wacha kuchanganya. Sare ya jeshi ni mambo ya usalama, mtu anaweza kukuibia akijifanya askari. Kanzu ya Baba Shamsa itamdanganya nani?

Mama Mapacha
Jamani nimezinunua mbili kwa bei mbaya na risiti nimetupa. Na kofia zake je? Kofia zenyewe ni za kijani tu zina doa moja mbele.

Stuwadi Mstaafu (Kilifi)
Kofia pia acha.

Nasra wa Shangani
Tumehamia kwenye kaptula lakini mimi bado sijajibiwa kuhusu kanga. Mtoto wa Temeke, ile chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla pale Mombasa imeanza 1887. Tangu hapo mpaka leo wanawake wa pwani yote hii wanavaa. Unaweza kunitajia suti gani ya kwenu Temeke ya 1887?

Mtoto wa Temeke
Dada yangu, ukongwe siyo urasmi. Jembe nalo ni kongwe. Lakini sawa, nakubali kisutu ni vazi la heshima, nilikosea kusema jikoni kana kwamba zote ni moja. Nilichokiona mimi ni shangazi yangu, alikwenda hoteli kubwa na kanga, wahudumu wakamwongelesha kama yeye ndiye kaja kufanya usafi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nimekaa naye pale. Tangu siku hiyo sitaki kuona mtu wangu anaingia mahali pa namna ile bila suti au gauni. Ndiyo sababu yangu, mkitaka kunicheka mnicheke.

Nasra wa Shangani
Hapana sikucheki. Ila mkosa pale ni mhudumu, kanga haikumkosea mtu.

Baba Shamsa (Minneapolis)
Mtoto wa Temeke, hiyo ya shangazi yako ndiyo hiyo hiyo ya kwangu, tumefika mahali pamoja tukashika njia tofauti. Mimi Shamsa aliniuliza usiku ule kwa nini nimevua kofia ya bibi. Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana siwezi kununua hiyo suti.

Nimeandikia kampuni ya safari hii jana, nikaambatanisha picha ya kanzu na koti, wamejibu kwa sentensi moja kwamba inakubalika usiku rasmi. Barua naichapa natembea nayo koti mfukoni. Mke wangu anataka kuvaa dera la hariri na mtandio, Nasra kama una mtu wa kutuma kisutu doti moja kwa ajili ya Shamsa usiku wa pili nitashukuru, amekomaa anakitaka. Stuwadi nipe ushauri wa mwisho, kanzu ya pamba ikitoka kwenye begi imekunjamana kama karatasi, kabini kuna pasi?

Stuwadi Mstaafu (Kilifi)
Pasi usibebe, watakunyang'anya bandarini kwa ajili ya moto. Ukifika tu itundike bafuni, fungua maji ya moto ufunge mlango dakika kumi, ikibaki mikunjo mpe mhudumu wa kabini aipeleke laundri asubuhi ya siku rasmi, siyo jioni, jioni kila mtu anapeleka. Na siku ya kwanza kabla ya chakula nenda kwa msimamizi wa ukumbi umwonyeshe ile barua, mpaka usiku wa gala vijana wote wa mlangoni wawe wanakujua kwa sura.

Halafu meza wamekupa zamu gani? Kama ni ya kwanza, saa 12 jioni, ujue huko jua linazama muda huo huo kama kwetu, magharibi itakukuta katikati ya supu. Omba ya saa 2 usiku sasa hivi kabla hazijajaa, unaswali kabini, unashuka na kanzu ile ile.

Baba Shamsa (Minneapolis)
Wamenipa ya saa 12. Ngoja niwapigie.

Mama Mapacha
Na za rangi ya khaki tupu, zisizo na madoa, hizo zinapita?