Nani aliwaambia 00742 ni sawa na 742? Acheni kugeuza maandishi kuwa namba bila kuulizwa!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Modi, naomba usiuunganishe uzi huu na ule wa maswali ya wanaoanza, maana wanaonikera sio wanaoanza. Ni watu wazima wanaolipwa kwa kazi hii.

Nimeletewa faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu, vipengele vimetenganishwa kwa mkato) lenye safu ya namba za utambulisho. Nyingine zinaanza na sifuri moja, nyingine mbili, nyingine hazina kabisa. Au niseme zilikuwa hivyo, kabla jamaa mmoja hajalifungua kwenye programu ya majedwali "kuangalia tu" kisha akabonyeza hifadhi. Programu ikaona tarakimu, ikaamua yenyewe kwamba hizo ni namba, ikafyeka sifuri zote za mbele. Namuuliza, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Kwani sifuri ya mbele ina thamani gani?"

Kwenye hesabu haina thamani, sawa. Lakini nani alikuwa anafanya hesabu? Hiyo 742 iliyobaki ilikuwa 742, au 0742, au 00742? Urefu haukuwa mmoja, kwa hiyo hata ukisema ujaze sifuri mpaka tarakimu tano zitimie, utakuwa unatunga. Na zile ndefu za tarakimu kumi na nane ndio msiba wenyewe: programu hiyo inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri. Watu tofauti sasa wana utambulisho mmoja! Wala hakuna onyo lililotokea kwenye skrini.

Kipimo ni rahisi mno na sijui kwa nini hakifundishwi. Hicho kitu utakijumlisha? Utatafuta wastani wake? Kama huwezi kuniambia wastani wa namba za simu una maana gani, basi namba ya simu ni maandishi. Itunze kama maandishi kuanzia kwenye fomu, kwenye databesi, mpaka kwenye faili unalonitumia. Kuandikwa kwa tarakimu hakukigeuzi kitu kuwa namba.

Mzizi wa haya yote ni yale mafunzo ya haraka haraka. Mwalimu anasema "kompyuta inaelewa 0 na 1 tu", anachora jedwali la kugawanya kwa mbili, kisha anahamia kwenye kutengeneza tovuti. Hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba ukibonyeza kitufe cha 7, kinachoingia sio saba. Kinachoingia ni 55, yaani biti (zile 0 na 1) 00110111, kwa sababu kwenye ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, tarakimu 0 mpaka 9 zimepewa nafasi ya 48 mpaka 57. Saba yenyewe, ile ya kujumlisha, ni 00000111. Ziangalie hizo mbili vizuri: biti nne za mwisho zinafanana! Waliopanga ASCII miaka ya 1960 walifanya hivyo makusudi, ukikata biti nne za mbele unabaki na thamani. Ni kazi nzuri sana, kwangu mimi ni moja ya vitu maridadi kuliko vyote kwenye fani hii, na watu wanamaliza mafunzo bila kuiona.

Biti zenyewe hazijui ni nini. 01000001 ni 65 na ni herufi A, inategemea unamwambia nani azisome. Chukua neno HAPA: baiti nne (kila baiti ni biti nane), 72, 65, 80, 65. Zisome kama namba moja ya biti 32, baiti ya kwanza ikiwa ndiyo yenye uzito mkubwa, unapata 1212239937. Zisome baiti ya kwanza ikiwa ndiyo yenye uzito mdogo, kama zinavyofanya prosesa za kompyuta nyingi za mezani, unapata 1095778632. Baiti hazijabadilika hata moja. Sasa mtu anakuja humu na kichwa cha habari "namba zangu zimeharibika", hajasema zimetoka wapi wala zinasomwa kwa mpangilio gani, na ndani ya dakika tano ana majibu kumi yanayopingana.

Halafu kuna hili la 1010. Kila wiki lazima aje mtu: "nina 1010 nataka niibadilishe". Mkuu, 1010 ipi? Elfu moja na kumi? Kumi iliyoandikwa kwa binari, yaani kwa 0 na 1 tu? Au herufi nne za maandishi zilizopangwa 1, 0, 1, 0? Kwenye Python, int("1010", 2) inakupa 10, na bin(10) inakupa "0b1010", ambayo ni maandishi, sio namba, usije ukalalamika ikikataa kujumlishwa. Ndani ya kompyuta hakuna "namba ya binari" na "namba ya desimali" zinazokaa vyumba tofauti. Kuna namba, basi. Binari na desimali ni namna ya kuiandikia binadamu aisome.

Kwa kutolielewa hilo ndio watu wanatengeneza ile kanuni mbovu inayozunguka kwenye kila kona: unagawanya kwa mbili, unachukua baki, unazidisha kwa 1, kisha 10, kisha 100, unajumlisha ndani ya int, aina ya namba kamili ya lugha ya C. Matokeo yake kumi inageuka kuwa elfu moja na kumi inayojifanya binari. Mwandishi anajaribu 5, anajaribu 12, anajaribu 255, inakubali, anapiga picha anaiweka mtandaoni. Hajaribu 1024. Mpaka 1023 unapata moja kumi zilizopangana, yaani 1111111111, na bado inaenea kwenye int ya biti 32 ambayo mwisho wake ni 2147483647. Ukifika 1024 zinahitajika tarakimu kumi na moja, int inafurika, unapata takataka. Na kwa kuwa ni C haikuambii kitu. Jengeni maandishi, jamani! Binari unayoionyesha kwenye skrini ni maandishi, hakuna sababu ya kuilazimisha iwe int.

Sasa twende kwa watengenezaji wa lugha za programu, maana nao wana kesi ya kujibu.

JavaScript: "10" + 1 inatoa "101", lakini "10" - 1 inatoa 9. Mtu mzima alikaa akaona hiyo ni tabia njema. parseInt, ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, ukiipa "12abc" inatoa 12, ile abc imeenda wapi? Na vijana wa sasa hamkuyaona ya zamani. parseInt("08") kwenye vivinjari vingi ilikuwa inatoa sifuri, kwa kuwa sifuri ya mbele ilichukuliwa kama alama ya namba za nane nane, zinazotumia tarakimu 0 mpaka 7 tu, na 8 haimo humo. Fikiria fomu ya tarehe: mwezi wa kwanza mpaka wa saba inakwenda vizuri, mwezi wa nane na wa tisa inakufa, mwezi wa kumi inafufuka yenyewe, na wewe umeshahangaika na seva usiku kucha. Sheria yake ilikuja kurekebishwa na ES5, toleo la kanuni za JavaScript la mwaka 2009. Kwenye C mpaka leo ukiandika 010 umeandika nane.

PHP nayo, kabla ya toleo la 8 la mwaka 2020, ukiuliza kama "abc" == 0 ilikujibu ndiyo. Na atoi ya C, ya kugeuza maandishi kuwa namba, ukiipa "habari" inarudisha 0. Ukiipa "0" inarudisha 0. Utajuaje ipi ni ipi? Hujui, na hakuna njia ya kujua. Ndio maana kuna strtol inayokuonyesha ilisoma ikaishia wapi, lakini mafunzo mengi bado yanaanza na atoi eti kwa sababu ni fupi.

Hiki ndicho kinachonichoma: kukisia kimyakimya. Unamwomba mtu akusomee barua, akifika pasiposomeka anajitungia sentensi na kuendelea kwa sauti ileile. Python ukiipa int("12abc") inagoma na kukuambia kwa nini. Inakera? Inakera ndiyo, lakini umejua saa hiyohiyo. Ile nyingine utaijua mwisho wa mwezi hesabu zikikataa kulingana.

Na kukisia huku hakuishii kwetu. Wanasayansi wa jeni za binadamu walikuwa na majina kama SEPT1 na MARCH1. Excel ikawa inayaona, inasema hizi ni tarehe, inayageuza. Hitilafu hiyo ikajaa kwenye majedwali ya tafiti zilizochapishwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikatangaza mwongozo mpya, na jeni za aina hiyo zikawa SEPTIN1 na MARCHF1. Yaani sayansi ikabadilisha majina kwa sababu programu ya majedwali haiwezi kuacha maandishi yalivyo! Swichi rasmi ya kuzima tabia hiyo kwenye Excel ilikuja mwaka 2023. Nacheka kwa hasira hapa.

Najua yupo atakayeniletea Ariane 5. Naileta mwenyewe. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo ililipuka muda mfupi baada ya kuruka kwa sababu namba yenye nukta (floating point) ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32767, na thamani ilikuwa kubwa kuliko hapo. Utasema: mbona pale mfumo ulipiga kelele, na ndio ukaua safari? Kelele zilipigwa, lakini hapakuwa na aliyeandaliwa kuzipokea. Kompyuta ya mwelekeo ikajizima, ya akiba ilikuwa na programu ileile na ilishajizima kabla yake. Na hapa ndipo pananiuma zaidi: biti za ripoti ya hitilafu zilizotumwa kwa kompyuta kuu zikasomwa kama takwimu za safari. Roketi ikageuzwa ghafla kufuata ujumbe wa kosa. Sasa niambie tena kwamba aina ya data ni mambo ya darasani.

Kwenye maandishi matupu nako hatujapona. Andika ng'ombe kwa alama ya kawaida ya kibodi: herufi saba, baiti saba. Programu ya kuandikia ikijipendekeza ikaigeuza alama hiyo kuwa iliyopinda, ng’ombe, bado unaona vitu saba lakini kwenye UTF-8, usimbaji wa leo wa kugeuza herufi kuwa baiti, baiti ni tisa, kwa kuwa alama hiyo moja inachukua tatu: 226, 128, 153. Mfumo unaofuata ukizisoma kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, unapata â€™ katikati ya ng’ombe. Mmeshaiona hiyo kwenye meseji na risiti, msijifanye. Halafu mtu "anatibu" kwa kufuta alama zote za ajabu, tunabaki na ngombe. UTF-8 ipo tangu 1992. Ukifungua faili taja usimbaji wake, ni neno moja tu.

Na nyie mnaotuma utambulisho mrefu kwenye JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data kati ya programu) bila alama za nukuu, JavaScript inashika namba kamili kwa uhakika mpaka 9007199254740991 tu. Itumie 9007199254740993 uone itakurudishia nini. Itakupa inayoishia na 2, na rekodi ya mtu mwingine. Weka nukuu.

Kuanzia leo, anayekuja humu na "namba yangu haibadiliki" aweke vitu vitatu: matokeo ya type() ya Python inayotaja aina ya data, matokeo ya repr() inayoionyesha ilivyo au baiti zenyewe kwa heksi (namba za msingi wa 16), na alichotarajia kupata. Bila hivyo mimi sijibu, na nawaomba wengine msijibu kwa kubahatisha. Na kama kuna anayejua programu ya majedwali inayofungua CSV ikaacha kila safu kuwa maandishi mpaka uiambie vinginevyo, bila kubofya menyu nne kila mara, aitaje hapa chini. Wanaokuja kuandika "mbona kwangu inafanya kazi" watangulie kuijaribu kwa 08.