Kayaki ya kuchezea baharini kwa mwili mdogo: nipime nini?

KafiJepesi
Wakuu, naomba msaada. Urefu wangu sm 160, kilo 54, kiatu namba 38. Natafuta kayaki ya bahari ya kuchezea: kuteleza na mawimbi, kupenya kwenye miamba, kugeuka upesi, na safari ya siku moja mara mojamoja. Muuzaji ana mbili za plastiki. Moja ni ya mita 5.2, upana sm 56, anasema inamfaa kila mtu. Nyingine ni ya mita 4.5, upana sm 54, anasema ni ndogo mno kwa bahari. Kwenye ile ndefu mapaja hayagusi kitu, na nikijaribu kuilaza ubavu inarudi yenyewe. Nijazie sponji, au chombo chenyewe ndicho kikubwa?

OmoNaTezi
Chombo ndicho kikubwa. Sponji hujaza nafasi iliyo kati yako na kayaki, lakini ujazo wa kayaki unabaki uleule.

Kayaki ya mita 4.5 huzama kama sm 1.5 hivi kwa kila kilo 20. Ile ndefu hata haifiki hapo, maana ina eneo kubwa zaidi la kuelea. Kwa hiyo iliyochorwa kwa mtu wa kilo 85 na mizigo yake, ukikaa wewe inaelea juu kama boya. Upepo unapata ubavu mzima wa kusukuma, tezi (nyuma) inasukumwa demani, upande upepo unakoelekea, na omo (mbele) inageukia joshi, upande upepo unakotoka, kila ukipumzisha kafi. Tena uzito wako hautoshi kuilaza, na kwenye kucheza, kulaza ndiyo usukani wako.

Za kuchezea nyingi zina mita 4.3 hadi 4.9, na mkuku (uti wa chini wa chombo) umepinda kama ndizi ili zigeuke papo hapo. Ndefu yenye mkuku ulionyooka huchomeka omo kwenye bonde la wimbi linapokuwa fupi na la wima. Hilo la "ndogo mno kwa bahari" usilikubali. Angalia kama ina vyumba viwili vilivyozibwa visipitishe maji, mbele na nyuma, na kamba ya kushikia kuzunguka sitaha. Pia uliza saizi: kayaki ya Delphin ya P&H ilitolewa kwa saizi mbili, 150 na 155, na Stratos 14.5 ya Dagger kwa S (ndogo) na L (kubwa). Wewe anzia ile ndogo.

Joshini
Usiingie kuipima na kaptula. Vaa viatu vya majini na jaketi la kuokolea, kisha anza miguuni: visigino karibukaribu, vidole vimeelekea nje, magoti yamepinda kidogo. Ukinyoosha miguu kufikia vikanyagio, mapaja yanashuka na unapoteza mshiko wote wa juu.

Nyonga ziachie nafasi ya kidole kimoja kila upande. Ngumi ikipita, ni pana. Kiegemeo kikae usawa wa mkanda, kisipande mbavuni. Halafu pima pengo kati ya paja na sitaha: likizidi sm 5, ukiinua goti unainua hewa kwanza, kayaki inachelewa kukufuata. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanatazama upana wa kiti na kusahau kina cha sitaha.

Kaa dakika 30. Ganzi ikianza miguuni, sogeza vikanyagio mbele tundu moja. Mwisho, kwenye maji ya kifuani na mtu amesimama kando yako, ilaze mpaka maji yaguse sketi (kitambaa kinachoziba tundu la kukalia), hesabu mpaka 10, kisha pinduka utoke. Paja likikwama, hiyo si saizi yako.

KafiJepesi
Asanteni sana. Ile ya 4.5 inanishika vizuri, ila nyonga zina nafasi ya vidole viwili, na macho yangu yako chini. Nipandishe kiti?

Mkuku54
Kiti kiache. Ukikipandisha hata sm 2, uzito wako unapanda nao na kayaki inaanza kuyumba, na mapaja yanabanwa.

Nyonga zimalize kwa sponji ngumu isiyonyonya maji. Kata vipande viwili vya unene wa sm 2, vikwangue kwa msasa, juu viwe vyembamba kuliko chini ili usikwame ukitoka. Vifunge kwa utepe kwanza, piga kafi saa moja, punguza, ndipo uvigandishe. Gundi ya mguso haishiki vizuri kwenye plastiki ya aina hii, kwa hiyo gandisha kwenye mashavu ya kiti yanayofungwa kwa skrubu, au pitisha mkanda.

Upepo ukizidi, funga lita 6 za maji nyuma tu ya kiti, chini kabisa, zisitembee. Ukiziweka kwenye omo au tezi, kayaki inakuwa nzito kugeuka.