Naomba ushauri: Ukoo wa baba, kutoka Norfolk ya Uingereza hadi Massachusetts. Hiki "kitabu cha nasaba" kinaaminika?

Mdigo wa Chumbageni
Wakuu, heshima kwenu, na shikamooni mnaostahili.

Mama yangu ni Mdigo wa Tanga. Baba ni Mmarekani, alikuja kufundisha, akaoa, wakahamia kwao Massachusetts, ndiko nilikozaliwa. Upande wa mama sina shida. Mkalishe bibi kibarazani, chai haijapoa ameshakutajia vizazi saba na nani alimdhulumu nani minazi. Mtihani uko upande wa baba.

Mzee sasa ana miaka 78 na hamu yake ni moja: ajue ukoo wake wa kiumeni umetoka wapi. Kwao wanasimulia kwamba babu wa kwanza alishuka melini mwaka 1638 akitokea Hingham ya Norfolk, akakaa Hingham ya Massachusetts. Jina la ukoo sitalitaja, ila ni la kazi ya mikono, Waingereza maelfu wanalo.

Sasa kuna mtu kampata mtandaoni, kamtumia kurasa za mwanzo za "kitabu cha nasaba". Mle ukoo unapanda kutoka huyo babu wa 1638 hadi kwa shujaa wa farasi aliyevuka bahari na William wa Normandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hakuna pengo hata moja, na juu kuna nembo ya simba. Kurasa zilizobaki anaziuza kwa bei ya pikipiki mpya. Mzee keshaanza kuita nembo ile "yetu".

Nifanyeje? Nimwache alipe afurahi, au kuna njia ya kweli ya kuvuka bahari kurudi nyuma? Nawasilisha.

Kibao cha Mbuzi
Dunia imegeuka. Miaka yote wao ndio walikuwa wanatuandika sisi makabila na koo zetu, leo mzungu anaomba msaada kwa Mdigo. Ngoja nivute kiti.

Karani wa Makaratasi
Mkuu, mimi ni mtu wa Unguja, nipo mashariki ya Uingereza na kazi yangu ni kwenye nyaraka za kale. Usilipe kwanza.

Hadithi ya wazee wenu kuhusu Hingham inawezekana kabisa. Mwaka 1638 kasisi wa Hingham ya Norfolk, Robert Peck, aliondoka na kundi la waumini wake kwa meli iliyoitwa Diligent, kwa sababu ya ugomvi na askofu juu ya namna ya kusali. Mji wao mpya ulibahatika kuwa na karani mmoja, Daniel Cushing, aliyeandika orodha ya watu waliotoka kule na mwaka waliofika. Anzia hapo. Kama jina la babu yenu limo, una daraja lenye nguzo. Kama halimo, usikate tamaa, ila punguza sauti.

Tatizo linaanzia ng'ambo ya pili. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell. Mengi hayakutii vizuri, na vitabu vilivyosalimika mara nyingi huanzia 1558 au baada ya hapo. Nyuma ya hapo hakuna tena "fulani kazaliwa siku fulani". Yanabaki makaratasi ya mali: wosia, kesi za ardhi, kodi ya kichwa ya 1377 hadi 1381, na madaftari ya mabaraza ya mabwana wa mashamba.

Hayo madaftari ndiyo ninayoyapenda. Mkulima asiye huru akifa, karani anaandika kwa Kilatini: fulani amefariki, bwana amechukua mnyama wake bora, mwanawe fulani amekuja barazani, amelipa ada na kuingia shambani. Mstari mmoja tu, lakini umepata baba, mtoto na ng'ombe. Ukiwa na bahati, kijiji hicho kimehifadhi madaftari ya miaka mia mbili mfululizo. Bila bahati, panya walikutangulia.

Mtu asiye na ardhi wala kesi hapatikani humo. Linganisha marais wawili wa Marekani. Ukoo wa Washington unafuatiliwa hadi karne ya 12 huko Durham, kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu walikuwa watu wa ardhi. Ukoo wa Lincoln ni wa Hingham hiyohiyo yenu. Samuel Lincoln, babu wa mbali wa rais Abraham, alibatizwa pale 1622, akawa mwanagenzi wa mfumaji Norwich, akavuka 1637 akiwa kijana mdogo. Nyuma yake kuna baba yake Edward, kisha babu yake Richard wa Swanton Morley, ambaye kwenye wosia aliwapendelea watoto wa mke wa nne, Edward akabaki anatazama. Panda kidogo tena, unafika karne ya 16 na giza linaingia. Huyo ni Lincoln, aliyechimbwa na kila mtafiti wa Marekani. Fundi wenu wa Norfolk kafikaje 1066 bila kujikwaa?

Shangazi Wa Ohio
Karani kasema vyema, ila naona mnakimbilia Uingereza wakati Marekani yenyewe haijakaguliwa. Mdogo wangu, anza na cheti cha kuzaliwa cha baba yako, panda kizazi kimoja kimoja, kila kiungo kiwe na karatasi. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina. Kabla yake utaona jina la mkuu wa kaya tu na idadi ya watu wake. Ya 1890 usiisumbukie, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Bahati yenu ni kwamba miji ya Massachusetts iliandika vizazi na vifo tangu enzi za walowezi. Wenzetu wa kusini wanalia.

Pia jihadhari na majina yanayofanana. Hao watu walikuwa na John, William na Thomas, basi. Kijiji kimoja unakuta akina John watatu wa jina moja la ukoo, na kila mjuzi wa mtandaoni anachagua yule anayempeleka kwa watu wakubwa. Lincoln mwenyewe mwaka 1859 aliandika kwamba juhudi za kuunganisha ukoo wake na akina Lincoln wa New England, yaani upande huo wa Massachusetts, hazikuambulia kitu zaidi ya kufanana kwa majina ya kwanza. Leo uhusiano umethibitishwa, lakini kwa wakati ule alikuwa sahihi kutokubali.

Mwana wa Shela
Nacheka peke yangu. Huku pwani tunao wenye shajara ya nasaba ndefu kama mkeka, inaanzia Shirazi au Hadhramaut inaishia kwa mwenye duka. Nyingine za kweli, zimetunzwa kwa adabu. Nyingine wino haujakauka. Kumbe ugonjwa ni wa wote.

Dokta Pamba
Kwa ukoo wa kiumeni kuna kitu karatasi haziwezi: kromosomu Y, inatoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika. Mpimeni Mzee mwenyewe, ni pamba ya kusugua shavuni tu. Ila kipimo cha mtu mmoja hakisemi chochote kuhusu mwaka 1638. Unahitaji mwanamume mwingine wa jina lenu anayetokana na mtoto MWINGINE wa huyo babu wa melini. Wakifanana, kromosomu ya babu umeshaijua. Kisha mtafute mwenye jina hilo aliyebaki Norfolk.

Onyo: uwe tayari kwa majibu. Mifupa ya mfalme Richard III ilipofukuliwa Leicester mwaka 2012, upande wa kikeni ulilingana na jamaa walio hai. Upande wa kiumeni haukulingana na watu ambao karatasi zinasema wanatokana na babu mmoja naye. Mahali fulani, ndani ya karne kadhaa, baba wa kwenye karatasi hakuwa baba. Hao ni wafalme, wenye makarani kila chumba.

Na moja ya kumchekesha mama yako: watafiti wa Leicester walitoa mwaka 2007 habari ya wanaume wa Yorkshire wenye jina adimu la Kiingereza, ambao kromosomu yao ni ya aina inayopatikana Afrika Magharibi. Wenyewe hawakuwa na habari.

Mdigo wa Chumbageni
Aisee. Asanteni sana. Nimerudi kwenye zile kurasa. Kizazi cha mwaka 1638 kina rejea ya wosia wa kweli, nimeukuta. Vya miaka ya 1400 vina majina na tarehe tu. Muuzaji nimemuuliza, anasema "vyanzo vipo kwenye toleo kamili". Karani, na ile nembo je?

Karani wa Makaratasi
Huo ndio mchezo wenyewe, na ni wa zamani. Gustave Anjou wa New York aliwauzia matajiri nasaba za namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20: nyaraka za kweli nyingi, katikati kapachika kipande kimoja cha kubuni kinachounga mnyororo. Bado watu wanazinakili hadi leo bila kujua. Hata Washington alichorewa nasaba isiyo sahihi na Isaac Heard, bingwa wa nembo wa Uingereza. Kosa lilibainishwa 1866 na jibu la kweli likapatikana 1889, yeye keshalala kaburini siku nyingi.

Nembo si mali ya jina la ukoo, hupewa mtu, na inarithiwa na uzao wake. Uingereza wanaotunza habari hizo ni College of Arms pale London, tangu 1484. Mzee akitaka simba ukutani achore, hakuna atakayemshtaki, ila asiandike chini yake "tangu 1066".

Huo wosia uliouona ni wa nani, na umesomeka?

Mdigo wa Chumbageni
Wa baba wa huyo babu, inavyoelekea. Kataja mwana "aliyeko ng'ambo ya bahari". Lakini mwandiko! Nusu nasoma, nusu ni mikia ya panya.

Karani wa Makaratasi
"Ng'ambo ya bahari" kwenye wosia wa Norfolk, hiyo ni dhahabu, mkuu. Usisome neno zima, soma herufi. "e" imegeuzwa nyuma, mkia wa "h" unashuka chini ya mstari, na "ff" mbili mwanzoni ni F kubwa. Tarehe kati ya Januari na 24 Machi ziandike kwa miaka miwili, kwa sababu hadi 1752 mwaka wao ulianza 25 Machi. Ya Februari 1640 kwao, kwetu ni 1641.

Piga picha ukurasa mzima, pamoja na mashahidi chini, uweke hapa. Mashahidi wa wosia mara nyingi ni shemeji na majirani, na wakitokea tena kwenye orodha ya Cushing, shughuli imeanza.

Kibao cha Mbuzi
Mimi kiti bado nimekikalia. Weka picha.